Andy Robertson: namba tatu aliyepitia ligi ya nne

Kama una bando kidogo, tafuta ile klipu ya Januari 14, 2018, Liverpool na Manchester City pale Anfield. Haina goli, haina chenga, haina kanzu. Ni beki wa kushoto tu anakimbia. Anamfuata Bernardo Silva, mpira unaenda kwa Kyle Walker, anageuka kumfuata Walker, Walker anausukuma kwa Stones na jamaa huyo nyuma yake, Stones anaona isiwe tabu anamrudishia kipa Ederson, jamaa bado anakuja tu mpaka ndani ya boksi la City, Ederson anautoa kwa Otamendi na hapo ndo mbio zinaisha, kwa sababu anamchezea rafu. Faulo kwa City. Basi.

Ukipiga hesabu hajafanya lolote la maana, kapoteza pumzi na kawapa wapinzani mpira wa adhabu. Ila uwanja ulilipuka kama vile kafunga. City walikuwa hawajapoteza mechi hata moja ya ligi msimu ule mpaka siku hiyo, wakala 4-3, na kati ya magoli yote saba watu wengi wa Liverpool wakikumbuka mechi ile wanaanza na zile mbio za Andy Robertson ambaye hata mwaka hakuwa amemaliza pale.

Mi ni shabiki wa Liverpool kwa hiyo sitajifanya nipo katikati. Lakini kuna namna stori ya huyu jamaa inasimuliwa inanikera kidogo, ile ya "kijana maskini aliyekataliwa, leo bingwa wa Ulaya, usikate tamaa ndugu". Ukiisikiliza hivyo unaona kama ni muujiza, kama mtu kalala ligi ya nne kaamkia Anfield. Si kweli. Katikati hapo kuna misimu mitano, na ukiifuatilia mmoja mmoja unaona kila mmoja ulimpa kitu ambacho kilikuja kuonekana kwenye zile mbio.

Tuanzie Glasgow. Robertson kazaliwa Machi 1994, familia ya Celtic, yeye mwenyewe Celtic damu, na akaingia akademi yao akiwa mdogo kabisa. Alipofika miaka 15 wakamwacha, sababu ni mwili, dogo alikuwa mfupi na mwembamba. Soka la Uskoti miaka hiyo lilipenda mtu wa kifua, na akademi kubwa zote duniani zina hii tabia ya kuangalia nani kakua mapema badala ya nani anajua mpira, utakuta kikosi cha vijana wa miaka 15 nusu yao wana ndevu. Kwa hiyo akaachwa, akaenda Queen's Park.

Hapa nikae kidogo maana Queen's Park ni klabu ya ajabu. Imeanzishwa mwaka 1867, ni kongwe kuliko Celtic, kuliko Rangers, na kwa zaidi ya miaka 150 iligoma kulipa wachezaji. Ridhaa tupu. Kauli mbiu yao ni ya Kilatini na maana yake ni kucheza kwa ajili ya kucheza tu, na walikuwa hawatanii, mpaka mwaka 2019 ndo wakapiga kura kuanza soka la kulipwa. Halafu hawa watu wasiolipana hata senti walikuwa wanachezea Hampden, uwanja wa taifa, ule wenye viti zaidi ya elfu 50, ulikuwa mali yao. Jumamosi ya kawaida wanakuja watu mia kadhaa, wanakaa upande mmoja, sehemu nyingine yote ni viti vitupu, sauti ya kocha unaisikia mpaka ng'ambo. Ligi yao ilikuwa daraja la nne la Uskoti.

Robertson anapandishwa timu ya wakubwa mwaka 2012, ana miaka 18, kamaliza shule, mfukoni hana kitu. Agosti mwaka huo aliandika Twitter kwamba maisha ya umri ule bila hela ni takataka, na kwamba anatafuta kazi. Ile tweet bado watu wanaifukua kila akibeba kombe. Kazi alizipata, alifanya dukani Marks & Spencer, na akafanya palepale Hampden, anapokea simu za watu wanaotaka tiketi. Yaani mchana anamuuzia mtu tiketi ya kuja kuangalia timu ya taifa kwenye uwanja uleule ambao Jumamosi yeye anacheza bure. Na uwanja huohuo miaka sita baadaye anaingia akiwa na kitambaa cha unahodha wa Uskoti mkononi.

Sasa angalia hii, na watu wa huku kwetu ndo itawagusa. Novemba 7, 2012, mji uleule wa Glasgow, Celtic wanacheza na Barcelona Ligi ya Mabingwa, na anayepiga kichwa goli la kwanza ni Victor Wanyama, Mkenya. Tony Watt akaongeza la pili, Messi akapata moja dakika za lala salama, ikaisha 2-1. Afrika Mashariki nzima ilikesha na ile mechi. Kipindi hicho hicho, kilomita chache kutoka pale, beki wa kushoto waliyemtema kwa sababu ya kimo yuko ligi ya nne hana mshahara. Wanyama aliuzwa Southampton mwaka 2013, akaja kucheza England miaka mingi. Kama ungetusimamisha mashabiki wa huku siku ile utuulize nani kati ya wachezaji wote wa Glasgow atakuja kunyanyua kombe la Ligi ya Mabingwa, hakuna ambaye angetaja jina la mtoto wa Queen's Park, hata yeye asingejitaja.

Bahati alipata, sikatai. Msimu ule Rangers walikuwa wameanguka kifedha mpaka wakatupwa daraja la nne, kwa hiyo ligi ambayo kwa kawaida hakuna anayeijali ikawa na kamera na maskauti. Desemba 2012 Queen's Park na Rangers pale Hampden waliingia watu zaidi ya elfu 30, kwa mechi ya ligi ya nne! Rangers wakashinda 1-0 dakika za mwisho kabisa. Lakini maskauti wakija na hujui kucheza hawakuchukui, na kocha Gardner Speirs alishamwamini akampa mechi karibu zote, na mtu mwembamba wa miaka 18 akicheza msimu mzima na wanaume wazima, mafundi bomba, madereva, watu wanaokukanyaga halafu Jumatatu wanaenda kazini kwao, anajifunza kitu ambacho akademi haina.

Kiangazi cha 2013 Dundee United wakamchukua, kocha Jackie McNamara. Toka ligi ya nne mpaka ligi kuu kwa hatua moja, na akawa wa kwanza kwenye kikosi muda si mrefu. Ile Dundee United ilikuwa tamu, ilikuwa na Stuart Armstrong, John Souttar, Gary Mackay-Steven, na Ryan Gauld ambaye magazeti yalishaanza kumwita Messi mdogo na macho yote yalikuwa kwake. Robertson akabeba tuzo ya mchezaji bora chipukizi wa Uskoti msimu huohuo. Machi 2014 akaichezea timu ya taifa kwa mara ya kwanza, dhidi ya Poland. Walifika fainali ya Kombe la Uskoti wakafungwa 2-0 na St Johnstone. Msimu mmoja, basi, Hull City wakaja na pauni milioni 2.85.

Hapo ndipo wengi wanaposimulia wanaruka. Wanasema "akaenda Hull, halafu Liverpool". Hapana jamani, Hull alikaa misimu mitatu na katika hiyo mitatu alishuka daraja mara mbili. 2015 chini, 2016 wakapanda kwa mchujo pale Wembley, goli la Mohamed Diamé dhidi ya Sheffield Wednesday, 2017 chini tena. Beki wa kushoto wa timu inayoshuka unajua anavyoishi? Kila wiki unaletewa winga wa pauni milioni 40, timu yako haina mpira, kiungo wako kachoka, uko peke yako na mtu anayetaka kukudhalilisha mbele ya dunia. Unajifunza kukimbia kurudi, na pia unajifunza kwamba ukipata mpira mara tatu kwa kipindi hizo tatu lazima zitoke na kitu, maana ya nne haipo. Mi naona mguu wake wa krosi umetengenezwa pale, kwa njaa ya mipira. Harry Maguire naye alikuwa kwenye timu ileile, alinunuliwa kiangazi kilekile cha 2014, na naye akaja kufika Manchester United.

Julai 2017 Liverpool wakamnunua kwa pauni milioni 8, na wao wakampeleka Kevin Stewart Hull, kwa hiyo ukitoa hela ya Stewart unakuta beki kaja kwa bei ya kutupa. Dirisha lile watu tulikuwa tunamsubiri Van Dijk. Nakumbuka kwenye magrupu tulicheka, beki wa timu iliyoshuka daraja, tena mara mbili, ndo usajili huo? Na kocha Klopp mwenyewe hakuwa na haraka. Akamchezesha mechi na Crystal Palace mwezi Agosti, wakashinda 1-0, akacheza vizuri, halafu akamrudisha benchi akasugua miezi. Alberto Moreno ndiye aliyekuwa namba tatu, mpaka Desemba 6, usiku wa Spartak Moscow wa 7-0, Moreno akaumia kifundo cha mguu. Robertson akaingia kikosini na Moreno hakuirudisha tena ile nafasi. Mwezi na wiki kama moja baada ya hapo ndo zile mbio za City.

Kwa hiyo ukirudi kuiangalia ile klipu usione ni mzuka tu. Mtu aliyezoea Hull, aliyesugua benchi miezi mitatu, kapewa nafasi kwa sababu mwenzake kaumia, huyo hawezi kuona mpira uko kwa Stones akasema "ngoja nisubiri". Hajawahi kuwa na kazi ya kusubiri.

Tuongee mpira sasa. Liverpool ile ya 2018 mpaka 2020 haikuwa na namba kumi wa kutengeneza magoli. Viungo walikuwa Henderson, Wijnaldum, Fabinho, Milner, watu wa kazi, wa kuziba. Salah na Mané hawakukaa pembeni, walikuwa wanaingia ndani karibu na Firmino, kwa hiyo pembeni yote iliachwa wazi na wa kuijaza walikuwa mabeki wawili, Trent Alexander-Arnold kulia na Robertson kushoto. Trent alikuwa na kipaji cha pasi ambacho unazaliwa nacho, anaweza kusimama akapiga mpira wa mita 50 ukatua kifuani. Robertson hakuwa na hiyo. Yeye alikuwa na muda, anafika pale mstari wa mwisho sekunde moja kabla beki hajajipanga, anapiga krosi ya chini ya kwanza bila kuutuliza, na kabla hujakaa vizuri keshageuka anarudi. Msimu wa 2018/19 Trent alitoa asisti 12 za ligi, Robertson 11. Msimu uliofuata, ule wa ubingwa, 13 kwa 12. Mabeki hao! Wakawa wanataniana kabisa nani atamshinda mwenzake. Desemba 2022, mechi na Aston Villa, Robertson akafikisha asisti 54 za Ligi Kuu na kuvunja rekodi ya mabeki iliyokuwa ya Leighton Baines wa Everton, tena Everton, utamu wa mwisho huo.

Usiku wa Barcelona, Mei 7, 2019, kila mtu anakumbuka 4-0 na kona ya Trent. Mi nakumbuka Robertson dakika za mwanzo, Messi yuko chini, jamaa anapita anamsukuma kichwa kwa mkono. Messi! Baadaye alikuja kusema anajutia, na kweli haikuwa ya kiungwana, ila ilikuwa inakuambia hali ya timu ile, wamefungwa 3-0 kule Hispania, Salah na Firmino hawapo, na bado hakuna aliyemuogopa mtu. Suárez akamkanyaga mguu kwa nyuma, mapumziko hakuweza kuendelea, akatoka akaingia Wijnaldum, Milner akarudi kucheza beki ya kushoto, na Wijnaldum akapiga mawili ndani ya dakika mbili. Yaani kuumia kwa Robertson ndo kulileta magoli mawili, na yeye hakuwa uwanjani. Mwezi mmoja baadaye wakawafunga Tottenham 2-0 Madrid. Mwaka mmoja nyuma walikuwa wamepigwa 3-1 na Real Madrid kule Kyiv, ile ambayo Ramos alimuumiza Salah bega, sitaki hata kuiongelea.

Makombe mengine nayapitia haraka, Ligi Kuu 2020 na 2025, FA 2022, Carabao mara mbili, Super Cup, Klabu Bingwa ya Dunia. Kabati limejaa.

Ila si malaika. Ana mdomo, analalamika kwa refa kila dakika, na Aprili 2023 kwenye mechi na Arsenal pale Anfield alimfuata mshika kibendera wakati wa mapumziko, wakaishia kwenye ile drama ya kiwiko ambayo mshika kibendera ndiye aliyekuwa na kosa la kuinua mkono, lakini ukweli ni kwamba angekuwa mchezaji mwingine angekuwa keshaingia vyumbani anakunywa maji. Na kuanzia aumie bega akiichezea Uskoti kule Sevilla Oktoba 2023, kasi ilipungua. Desemba 2024 alikula kadi nyekundu mapema kabisa na Fulham kwa kumwangusha Harry Wilson aliyekuwa anaelekea golini, na siku ile niliona mguu ulichelewa, kichwa kilishafika.

Kitu kimoja kuhusu namba tatu. Mtaani kwetu nani anawekwa beki ya kushoto? Mafundi wanataka namba tisa na kumi, wenye mbio wanaenda winga, mrefu anakaa katikati, aliyebaki na kwa bahati mbaya anatumia kushoto anaambiwa we kaa huko. Robertson anajua hilo. Mwaka 2018 kuna mtoto wa miaka mitano Liverpool alitoa hela zake za matumizi kwa benki ya chakula, Robertson akasikia akamtumia jezi iliyosainiwa na Firmino na barua, akamwambia hakuna anayetaka jezi ya beki wa kushoto ndo maana nimekutafutia ya Bobby, yaani Firmino. Na hizi benki za chakula hakuzianza baada ya kuwa tajiri, alipotimiza miaka 21 aliwaambia ndugu na marafiki wasimletee zawadi, wapeleke michango kwa benki za chakula za Glasgow.

Na Uskoti sasa. Alex McLeish alimpa unahodha Septemba 2018, nchi ikiwa haijaenda mashindano makubwa ya wanaume toka 1998. Kichekesho ni kwamba kizazi kilekile kilikuwa na Kieran Tierney, beki wa kushoto mwingine wa hali ya juu, tena huyo ndiye ambaye Celtic hawakumwacha. Nchi nzima inalia haina straika, Mungu anawapa namba tatu wawili. Steve Clarke akapanga mabeki watatu nyuma, Tierney ndani, Robertson mbele yake, na ikafanya kazi. Novemba 2020 wakaitoa Serbia kwa matuta, David Marshall akapangua la Mitrović, miaka 22 ya kusubiri ikaisha kwenye uwanja mtupu kwa sababu ya korona. Baada ya hapo Euro mbili, zote wametoka makundi, ile ya 2024 wakifungua kwa kipigo cha 5-1 na wenyeji Ujerumani.

Kombe la Dunia la Qatar walilikosa, Ukraine waliwafunga 3-1 palepale Hampden. Diogo Jota, mshambuliaji wa Ureno, naye alilikosa kwa majeraha. Wote wawili Liverpool, wote wawili wakawa wanapiga stori za kwenda 2026. Julai 3, 2025 Jota akafariki kwa ajali ya gari Hispania pamoja na mdogo wake André Silva. Kwenye mazishi kule Gondomar, Van Dijk alibeba shada la maua lenye umbo la jezi, namba 20 ya Jota, na Robertson akabeba lingine, namba 30, ya yule mdogo mtu ambaye alikuwa hachezi Liverpool.

Msimu huo Liverpool walishamleta Milos Kerkez kutoka Bournemouth kwa kama pauni milioni 40 na Robertson akarudi kusugua benchi, safari hii ana miaka 31.

Novemba 18, 2025, Uskoti na Denmark, Hampden, anayeshinda anaenda Kombe la Dunia la 2026. Dakika ya tatu Scott McTominay kapiga tiktaka mgongo ukiwa unaangalia goli. Kipindi cha pili nani anasababisha penalti? Nahodha, VAR wakamwita refa, Højlund akasawazisha. Denmark wakapata kadi nyekundu, Shankland akafunga, Dorgu akarudisha, 2-2, na hapo sare inawapeleka Denmark. Dakika za nyongeza Tierney, ametokea benchi, anapiga mkwaju wa kushoto kutoka nje ya boksi, 3-2, Denmark wanapanda, kipa wao katoka golini, Kenny McLean anaupiga kutoka katikati ya uwanja, 4-2. Baada ya mechi Robertson alikuja mbele ya kamera macho mekundu akasema siku nzima Jota hakumtoka kichwani.

Droo ya Kombe la Dunia la 2026 ikawapa Haiti, Morocco, Brazil. Mwaka 1998 pia walikuwa na Brazil na Morocco kundi moja, Brazil wakawafunga 2-1, Morocco wakawapa tatu bila, na Robertson alikuwa na miaka minne. Kabla ya hilo la 2026 Uskoti ilikuwa haijawahi kuvuka makundi kwenye Kombe la Dunia wala Euro, hata mara moja, na mimi safari hii nimeshamwambia kila mtu kwamba Haiti wanafungwa.